Kivuko cha Mpondwe kwenye simu

Bwera, Ijumaa

Nimeifuta ile video, lakini nimechelewa. Watu wameshaisambaza mpaka Kasese.

Nilitaka tu kuonyesha kwamba kwetu si milima peke yake. Kuna soko la Mpondwe, na kuna kina mama wa Kongo wanaovuka mto wa mpakani siku ya soko, kitenge kimefungwa juu ya magoti, beseni la muhogo kichwani. Nikaandika chini yake: "Njooni muone."

Wamekuja. Leo asubuhi wanajeshi walisimama pale pale kwenye kivuko. "Rudi! Pita darajani!" Darajani kuna ushuru, na mzigo wenyewe ni beseni moja.

Mama Biira, anayetuuzia muhogo tangu niko shule, alinipigia simu kutoka ng'ambo ya mto. Afadhali angenigombeza.

"Mwana wangu, ile video iko muzuri kabisa," alisema. "Hata afande alinionyesha mu telefone yake. Akauliza, huyu si wewe?"

Wengine wote nilikuwa nimewapiga picha kwa nyuma. Yeye nilimwita jina, ageuke, acheke.