Kompyuta Hairudishwi Tupu

Alhamisi. Jua limetoka na ukali wake tangu asubuhi, mabati ya mtaa wetu wa Nguvumali yanaalika kwa joto, na mimi nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nirudi Tanga. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja. Kompyuta nimeipiga marufuku: asiiguse mtu, asiiwashe mtu.

Kaka yangu Omari anaishi Muheza na binti yake, kwenye shamba la michungwa. Kabla ya Ramadhani alipatwa na kiharusi. Mkono umeanza kurudi, mguu unaburutika lakini unakwenda. Ulimi ndio uliogoma. Neno linalotoka ni moja tu, "basi". Anapotaka chai ni "basi", anapoitikia salamu ni "basi", na anapolia kwa uchungu wa kutoeleweka ni hilo hilo.

Mtaalamu anayemfundisha kusema upya aliniuliza kama tuna sauti yake ya kabla ya ugonjwa. Alieleza kwamba wapo wagonjwa wanaoshika maneno wakisikia sauti yao wenyewe na kuifuatisha. Nikamjibu kwa majivuno kwamba tunayo, tena tele.

Niliporudi kutoka Maskati nilimpa binti wa Omari kinasa sauti kidogo, amrekodi baba yake akisimulia mambo ya kijijini kwetu, kwa Kimtang'ata, Kiswahili cha pwani yetu. Mimi niliondoka mtoto. Ugenini lugha ile ilinichujuka, ikabaki ya kumtania mtu kwenye simu. Omari alibaki nayo yote. Rekodi nilizihamishia kwenye kompyuta yangu, kinasa sauti kikafutwa ili kipate nafasi, nami nikawa nasikiliza kidogo kidogo kila Ijumaa, kama mtu anayeogopa kumaliza halua. Nyingine nilikuwa sijazigusa. Jumamosi hii nilikuwa nimpelekee zote.

Nilikuwa.

Wiki hii nilishinda Muheza kumsaidia binti wa Omari. Nyumbani nilimwacha wifi yangu Mwanahamisi, mjane wa mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba hii na ndiye aliyenipokea. Alikuwa amenisikia nikilalamika kwamba kompyuta inachelewa kuwaka. Akataka kunifurahisha. Akaipeleka kwa fundi Shabani, kule karibu na soko.

Huku kwetu kompyuta ina dawa moja kwa maradhi yote. Inachelewa kuwaka? Piga window. Haiioni printa? Piga window. Imemwagikiwa chai? Ianike juani, kisha piga window. Nimeyaona maduka matatu na yote yanatibu hivyo hivyo. Kupiga window maana yake ni kuung'oa mfumo endeshi na kuweka mwingine. Mfumo endeshi ndiye msimamizi wa mashine: anagawa kumbukumbu, anapanga kazi ipi itangulie, anajua faili gani limekaa wapi kwenye diski. Kuna siku lazima abadilishwe, sikatai. Lakini huwezi kumfukuza mwenye funguo za ghala bila kuuliza ghalani mna nini!

Jana nilirudi, nikaiwasha nikakuta sura ngeni na faili zangu hazipo, nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Shabani ni mtu mzima, ana ndevu na watoto shuleni. Akanyanyuka kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Umeionaje? Si inaruka kama mbuzi?"

"Marahaba. Ulifuta fungu la mfumo peke yake, au diski nzima?"

"Nzima! Usafi, mama. Ilijaa makorokoro ya sauti humo, mzee mmoja anaongea peke yake."

"Uliyasikiliza?"

"Kidogo tu. Nikadhani mambo ya redio."

Aliyasikiliza. Alimsikia kaka yangu akisema kwa ulimi ambao leo haupo, kisha akamfuta kwa sababu ya usafi. Nilipofika nyumbani niliyamwaga yote kwa Mwanahamisi, na sitaandika hapa niliyoyasema.

"Lakini wifi," akaniambia, "kompyuta yako si ina nywila? Mimi nilijua kitu chenye nywila hakifutiki."

Hapo nikakasirika zaidi, kwa sababu swali lilikuwa la haki na hakuna anayewaeleza watu. Nywila inalinda mlango wa mfumo. Shabani hakupita mlangoni. Alichomeka flashi yake, akaiwasha mashine kwa mfumo aliokuja nao mwenyewe, na nywila yangu haikuulizwa hata salamu. Mashine ikishakuwa mikononi mwa mtu, imo mikononi mwake. Hata ningezigeuza faili ziwe maandishi ya siri, angeshindwa kuzisoma, kuzifuta asingeshindwa. Dawa ya kufutiwa ni nakala ya pili, iliyowekwa mahali pengine.

Sikuwa nayo. Nilikuwa nasubiri nimalize kusikiliza, nizipange vizuri, ndipo ninakili. Upuuzi mtupu, nami ndiye niliyefanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha kampuni ya meli, na watu walinikimbia kwa jinsi nilivyowafokea juu ya nakala.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi.

Kufuta diski kwa haraka, kama wanavyofanya mafundi, si kuiteketeza. Kinachofutwa ni orodha ya nini kimekaa wapi. Chukua nyumba ya kupanga: umefuta majina milangoni, wapangaji bado wamelala ndani. Mfumo mpya unaona vyumba vitupu, na mzigo ukija utaingizwa chumba chochote, juu ya aliyelala. Kwa hiyo aliyefutiwa ana tumaini, hasa mwenye diski ya zamani inayozunguka kama yangu, ila kwa sharti moja: kisiandikwe kitu kipya.

Nilipoipekua upya kompyuta nikaikuta imejaa. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Mawaidha. Kaswida folda kwa folda.

Nikampigia Shabani simu. Nani kakutuma?

"Bi Mkubwa, nikurudishie kompyuta tupu? Wifi yako alinisisitiza. Kasema, mtu mzima yule, ugenini miaka yote, usimrudishie kitu kitupu."

Nikakata simu, kwa sababu nilimwelewa.

Ni sahani ya jirani. Akikuletea vitumbua, sahani yake huirudishi tupu. Unatia ndimu, unatia sukari, hata kama ni konzi moja. Mama alinituma na sahani za namna hiyo kabla sijaweza kuibeba moja bila kuinamisha. Maskati, jirani yangu mmoja mgeni alinirudishia bakuli langu tupu, limeoshwa likameta, na nililia jikoni kama mjinga. Leo nimerudi kwenye nchi ambayo sahani hairudi tupu, na wamenijazia yangu juu ya sauti ya kaka yangu.

Nimkasirikie nani? Nimemkasirikia kila mtu.

Leo nimeichomoa diski, nimeiunganisha na kompyuta ya jirani yetu mwalimu kwa namna ya kusomwa tu, na programu ya kuokoa faili imepekua chumba kwa chumba. Imetoa vipande. Vingi ni mikwaruzo, au sekunde ya kikohozi chake. Kimoja kina urefu wa kueleweka, katika zile rekodi nilizokuwa sijazisikia. Mwanahamisi alikuja akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo nami. Tulikuwa hatujasemeshana tangu jana.

Omari akatoka kwenye spika, mzima, anacheka. Anasimulia asubuhi za nyumbani, mama anarudi kisimani na mtungi. "Na akishautua," anasema, "jambo la kwanza, kabla hajamwamkua mtu, alikuwa..."

Na hapo watoto wakaanza kuimba kaswida kwa sauti kubwa na dufu.

Sababu ni rahisi. Faili la sauti la aina ile limekatwakatwa vipande vidogo, na kipiga sauti hakiulizi kipande ni cha nani, kinapiga kinachofuata. Naijua sababu. Haikunisaidia.

Mwanahamisi alifunika mdomo kwa upande wa kanga. "Hiyo niliichagua mimi," akasema. "Nilimwambia aanze na hiyo."

Baadaye ameuliza kama Jumamosi anaweza kuja Muheza. Sijamkubalia, ila nimemwona akipiga pasi buibui, na sikumkataza.

Sijui mama alikuwa akifanya nini akishautua mtungi. Nimekaa alasiri nzima nikijaribu kukumbuka, na ninachokiona ni mtungi wenyewe tu, umelowa. Niliondoka mdogo mno. Anayejua duniani ni mmoja.

Kipande nimekinakili kwenye simu, kwenye flashi, na kwa mwalimu. Jumamosi nitakaa karibu na kitanda cha Omari, nitampigia mpaka kwenye neno "alikuwa", nitasimamisha kabla watoto hawajaanza, na nitamwachia amalizie.

Akisema "basi", nitarudisha nyuma nianze tena.