Nilikuwa Nguzo ya Pili

Knockavarra,
Magharibi mwa Ayalandi.
Jumatatu, 12 Oktoba 1998.

Mpendwa kaka Eoghan,

Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima huko Perth, na kwamba jua lenu halijawakausha. Sisi huku tunapumua. Mvua haijakatika tangu Jumatano, ng'ombe tumewaingiza zizini mapema, na mgongo wangu umeanza ugomvi wake wa kila mwaka. Leanne anaendeleaje na ule mguu? Na watoto wameshaizoea shule mpya? Picha yao uliyotuma Baba ameiweka juu ya rafu ya jiko, na kila anayeingia humu lazima aoneshwe.

Baba anakula vizuri na analala vizuri. Nimelisema hilo mapema usije ukashtuka, maana mengine yote ni ya kusikitisha, na kwenye simu sikuweza kukuambia. Unajua simu yetu ilipo, ukutani nyuma ya kiti chake. Masikio ya Baba hayana kasoro hata kidogo.

Habari za fainali ya mpira wetu wa Kiayalandi bila shaka zimekufikia. Watu wa huku hata wakihamia mwezini watataka kujua nani kamfunga nani. Ardnaveagh wamewafunga Kilmoran kwa pointi moja, lakini ukikutana na mtu wa Kilmoran huko Perth atakuambia wamefungwa na sisi, familia yetu. Usibishane naye.

Refa alikuwa mdogo wako Fergal. Kama kawaida ya marefa wote alikwenda na watu wake wa kusimama golini: upande wa juu mume wangu Declan na ndugu yake, upande wa chini Baba na mimi. Ndiyo, mimi. Tangu mzee Gaughan avunjike nyonga, koti jeupe la nne la golini limekuwa langu, na kila Jumapili hakosekani mjuaji mmoja nyuma ya goli wa kuniuliza, "Mama, viazi umemwachia nani?"

Sasa nikuambie jambo nililoapishwa kulificha. Wiki ya Pasaka nilimpeleka Baba kwa daktari wa macho. Daktari alisema sehemu ya katikati ya macho yote mawili imekufa, na haina dawa. Kilichobaki ni pembeni tu. Ndiyo maana hakuna anayegundua. Anatembea uani bila kugonga kitu, anaikwepa ndoo, anafungua geti mwenyewe. Lakini ukisimama mbele yake, uso wako haupo.

Aliniapisha humo humo ndani ya gari, kabla sijawasha. "Nuala, Fergal akijua atanivua koti. Nikivuliwa koti, Jumapili nitafanya nini? Nikae nihesabu matone dirishani?" Miaka thelathini na minane amesimama kwenye nguzo, Eoghan. Tangu Mama atutoke, wiki yake yote ina siku moja tu. Ningemjibu nini?

Basi tukapanga njama, mimi na baba yangu, kama wezi. Mpira ukija upande wake, mimi nilipaswa kukohoa mara moja kama umepita ndani ya nguzo mbili, juu ya mwamba, naye ainue kibendera cheupe cha pointi. Nikinyamaza, umetoka nje. Kiangazi chote tulikohoa hivyo, uwanja hadi uwanja, na hatukukosea hata mara moja. Watu walinipa dawa za kifua. Mke wa Gaughan alinichemshia vitunguu kwa asali, nikanywa, nikamshukuru.

Siku ya fainali watu walifurika hadi nyuma ya goli letu. Zilibaki sekunde chache. Kilmoran walikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ukamfikia nahodha wao, Malachy Duignan, kule pembeni kabisa. Unamkumbuka, mlisoma darasa moja na kaka yake. Ana miaka thelathini na sita sasa na goti lake limefungwa bendeji mwaka mzima. Akaupiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ukapanda juu kuliko ncha ya nguzo, upande wa Baba, ukapita ndani. Ulipita ndani kwa upana wa mkono mzima, Eoghan. Niliuona vizuri kabisa.

Nikakohoa. Watu elfu mbili walikuwa wanapiga kelele. Nikakohoa tena, na tena, nikakohoa hadi machozi yakanitoka, na Baba amesimama wima akisubiri sauti yangu, asiipate. Akainua mikono akaipishanisha juu ya kichwa. Nje.

Fergal alikuja mbio, akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi. Unajua desturi ilivyo. Mwenye nguzo ndiye mwenye neno, na mwenzake hamwingilii. Lakini refa akikuuliza kwa macho, unaweza kutikisa kichwa kukataa. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa tu! Nikabaki kama niliyemwagiwa maji. Huko nyuma mtu mmoja akapaza sauti, "Mnunulieni mzee miwani!" na watu wakacheka, maana ni kejeli ya kila Jumapili, kila refa huambiwa hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fergal akapuliza filimbi ya mwisho.

Kilmoran wakakata rufaa. Kamati ikamtaka Fergal apeleke maelezo kesho jioni, na wiki nzima amekuwa akija jikoni kwangu na kitabu cha kanuni. Kanuni moja inasema uamuzi wa refa juu ya jambo lililotokea uwanjani ni wa mwisho. Nyingine inasema anaweza kuwauliza watu wake wa golini. Haisemi wakipingana afanye nini, wala haisemi kama anaruhusiwa kuwauliza mechi ikishakwisha. Alipiga simu kwa wanakamati watatu akapewa majibu matatu, na watatu wote walimwambia jambo hilo liko wazi kabisa. "Dada," akaniambia, "hiki kitabu kimeandikwa na watu waliokuwa wanavutana mashati." Mimi nilikuwa namenya viazi. Hakuniuliza niliona nini. Nadhani anaogopa jibu.

Alhamisi Malachy mwenyewe alikuja. Niliona gari lake likiingia. Alivua kofia mlangoni, akasema, "Mungu awe humu ndani," akasimama na bahasha mkononi. Ilikuwa barua ya klabu yake, ya kututaka mimi na Baba tuandike tulichokiona na kutia sahihi.

Baba aligeuza uso kuelekea mlango. Aliona weupe wa bahasha, nadhani. "Packie!" akasema. "Leo umechelewa na barua. Keti upate chai."

Packie wa posta ni mfupi, mnene, ana miaka sitini. Malachy anainama kupita mlango wetu. Nikachukua kikombe cha mgeni. Malachy akanitazama, akaketi.

Na Baba, usiniulize kwa nini, akaanza. "Umewasikia wale wa Kilmoran? Wanalia kama mbuzi. Yule Malachy wao mguu umezeeka, arudi akachunge kondoo. Lakini mkorofi yule, mwaka wa tisini na moja alipiga moja kutoka pale pale, mvua inanyesha, ikapita katikati. Hiyo niliinua kibendera kabla haijafika. Sijaona mguu wa kushoto kama ule."

Malachy alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akauliza polepole, "Na huu wa Jumapili, mzee? Uliuona sawasawa?"

"Niliuona kama ninavyokuona wewe hapo, Packie."

Kisha Malachy akasema, "Basi, mzee. Kama uliuona hivyo, basi." Akanywa chai yake yote, akala na kipande cha mkate, akairudisha bahasha mfukoni.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Hakunipandishia sauti, na ingekuwa afadhali angenipandishia.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na wewe ulikuwa nguzo ya pili. Ulipita ndani?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Siku nne nimechelewa, nikakubalia kwenye matope ya uani.

"Nilijua," akasema. "Mguu huwa unajua." Akavaa kofia. "Kombe wala sikulitaka sana, Nuala. Tungetoka sare tu. Nilitaka tucheze tena, Jumapili moja zaidi, halafu goti lipumzike." Akaondoka.

Juzi Fergal kaja anakimbia. Kilmoran wameondoa rufaa. Malachy aliwaambia wenzake kwamba yeye aliyeupiga aliuona ukitoka nje. Wamemtukana, wengine wanasema amehongwa, na jana baada ya misa hakuna mtu wa kijiji chake aliyesimama naye. Alimsaidia mama yake kuingia garini wakaenda zao. Mimi nilikuwa hatua kumi tu, rozari mkononi, nisiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Baba alipopata habari alipiga meza. "Si niliwaambia? Nuala, si niliwaambia ulitoka?" Nikamwambia, ndiyo Baba, uliwaambia. Jioni alikula mayai mawili.

Sasa nimeshika tama, kaka. Nikisema ukweli, nitakuwa nimeitupa zawadi ya Malachy matopeni, na nitakuwa nimemvua Baba koti mbele ya nchi nzima. Nikinyamaza, mtu mwema anapita kijijini kwake kama mwizi kwa ajili yetu. Na Jumapili hii Fergal ana mechi nyingine. Makoti manne yako kwenye kamba hapo nje, hayakauki, na Baba ameshauliza mara mbili kama nimepiga pasi. Kila usiku naamua kwamba asubuhi nitasema. Asubuhi namkuta ameshajinyoa, nusu ya kidevu imebakia, anapiga mluzi.

Wewe ni mkubwa wetu, na neno lako Baba amekuwa akilisikia tangu zamani kuliko letu. Nilipoanza kuandika nilidhani nitakuomba umpigie simu umwambie apumzike. Lakini utamwambia nini, na yeye ataniuliza mimi nimekuambia nini? Kwa kweli sijui ninakuomba nini. Labda nilitaka tu mtu mwingine wa damu yetu ajue kwamba mpira ule ulipita ndani.

Nisalimie Leanne, umwambie asilazimishe mguu. Wabusu Cormac na Róisín. Sweta zao zimebakia mikono, zitafika kabla ya Krismasi ingawa najua hamtakuwa na baridi. Declan anakusalimu, na Fergal pia, anasema una deni la barua ya tangu Machi. Tulikwenda kaburini kwa Mama Jumamosi tukang'oa magugu. Mungu awatunze huko mliko, na atukutanishe tena kwenye meza hii wote tukiwa hai.

Mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Nuala

Nyongeza: Baba amenikuta nakunja karatasi, akasema lazima akuandikie neno kwa mkono wake. Nimemfungulia ukurasa wa mwisho, nikamwekea kidole chake mahali pa kuanzia. Ameandika muda mrefu, ulimi nje kama mtoto wa shule. Herufi mbili za kwanza utaziona hapa chini. Kutoka hapo kalamu ilitoka nje ya karatasi, na salamu zako zote ziko kwenye kitambaa cha plastiki cha meza: anasema ng'ombe wazima, anasema tulishinda ile rufaa, anasema urudi kiangazi uje umwone golini. Sijazifuta. Fergal alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na kofia mkononi, anaangalia meza. Baba akaweka kalamu chini akauliza, "Imekaa sawa?" Fergal akanitazama kama alivyonitazama siku ile.

Nikakohoa, mara moja.