Mke wa Alfredi, Kasanga

Jumatano, 3 Juni

Dai langu, na niko tayari kulitetea mbele ya yeyote: lililoandikwa hushinda lililosemwa. Mdomo husahau, huogopa, hupendelea. Maandishi hayana shemeji wala jirani.

Leo nimelitetea dukani kutwa nzima. Duka ni la Mzee Nassoro: khanga na vipuri vya baiskeli mbele, kompyuta nne nyuma, na mimi mwenye shahada nikizilinda. Tangu makampuni ya simu yaanze kugombea wateja, kila mtu hapa Sumbawanga ana laini, wengine mbili, na kila mtu anapigiwa na namba asiyoijua. Soko huria limetuletea na dawa yake. Mteja analeta namba, mimi naiingiza kwenye tovuti ya ng'ambo, tovuti inarudisha jina la mwenye namba. Kuna foleni asubuhi na foleni jioni.

Lalamiko la leo: mama muuza maharage kutoka Mpui, anayemtafuta dada yake aliyepotelea Zambia. Tovuti hutafuta watu kwa jina pia, na ilimwambia watu watatu wamepatikana. Alipolipa, ikamletea wanawake watatu wa nchi ambayo hata mimi niliitafuta kwenye ramani. Nilimweleza kwamba kosa ni lake, hakutoa jina kamili. Aliondoka bila kuaga.

Upepo mkali. Vidole vimekufa ganzi juu ya vibonyezo.

Alhamisi, 4 Juni

Mayunga amerudi. Mfugaji, familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mrefu, fimbo haimtoki mkononi. Alipotelewa na ng'ombe wanne, kisha namba ngeni ikawa inampigia na kukata. Tovuti ilisema namba ni ya "Fundi Redio". Akaenda sokoni, akamtukana fundi redio mbele ya wateja wake. Fundi yule hana simu kabisa.

Nilimwambia tovuti haikutaja fundi yupi. Aliyechagua ni yeye.

"Yaani nimekulipa ili nichague mwenyewe?"

Duka zima lilicheka. Jibu zuri nililipata nikiwa njiani kurudi nyumbani, na halikuwa na msikilizaji.

Jumapili, 7 Juni

Tangazo la kwanza la ndoa yetu limesomwa. Nilipanda lori la mahindi hadi Kaengesa ili nilisikie kwa masikio yangu. Jina langu, jina la Skolastika, na kisha yale maneno: mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii anawajibika kusema. Hakuna aliyekohoa.

Skolastika alivaa gauni aliloshona mwenyewe. Hushona sare za shule, na mishono yake haifumuki. Mama yake alitupikia ugali wa ulezi na maharage. Ukutani bado ipo picha ya marehemu Editha, dada yake mkubwa, aliyefariki kwa uzazi nilipokuwa bado chuoni. Mama huifuta vumbi kabla ya kukaa mezani.

Nampenda Skolastika. Hili sina haja ya kulijengea hoja.

Jumatatu, 8 Juni

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio.

Mayunga alikuja na wenzake wawili. Mama wa Mpui naye alikuwepo, amerudi kudai. Vijana wa stendi wamejaa mlangoni, wamefuata kelele. Kila mmoja anasema mashine ni mwongo. Nikasimama. Nikasema nitathibitisha kwa namba ya mtu ninayemjua kuliko ninavyojijua. Nikaingiza namba ya Skolastika.

Mtandao ulikuwa mzito. Tulisubiri, vichwa vyote vimeinamia kioo. Kisha likatokea:

Mke wa Alfredi, Kasanga.

Mmoja wa wenzake Mayunga alilisoma kwa sauti.

"Alfredi ndiye wewe?" Mayunga akaniuliza.

Nikasema siye.

"Basi, msomi, hapo nani amekosea? Mashine au wewe?"

"Mshikaji, umepigwa changa la macho," akadakia kijana mmoja mlangoni. "Kuna jamaa ziwani anakula dagaa kwa jina lako!"

Niliona njia mbili tu. Ikiwa tovuti imesema uongo, basi Mayunga ana haki, mama wa Mpui ana haki, na mimi nimekuwa mchuuzi wa uongo tangu huduma hii ianze. Ikiwa imesema kweli, sina mchumba. Watu walikuwa wananitazama. Nikasema, tena kwa sauti:

"Tovuti haikosei."

Jumanne, 9 Juni

Nimempigia. Nikamuuliza Alfredi ni nani. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Jina hilo umelipata kwa nani?"

Kwenye maandishi, nikasema.

"Njoo nyumbani nikueleze. Jambo hilo siwezi kulisema kwenye simu hii."

Nikamtaka ajibu hapo hapo, ndiyo au hapana: amewahi kuwa mke wa mtu? Akakata.

Kwenye simu hii! Maneno hayo nimeyapima kutwa. Asiye na hatia hujibu. Ndivyo nilivyomwambia Mzee Nassoro. Akasema, "Kijana, mwanamke akikwambia njoo, panda gari uende. Hayo mengine utayajua huko huko." Nilimpa hoja tano. Akarudi kwenye khanga zake. Nimeshinda. Sijala tangu asubuhi.

Alhamisi, 11 Juni

Barua kwa paroko. Nimeiandika mara tatu. Nimesema kwamba kanisa lenyewe linamwajibisha mwenye kujua kizuizi, na kwamba kuwa mhusika hakuniondolei wajibu huo. Hoja haina ufa. Nimeambatanisha ukurasa wa tovuti, uliochapwa. Ulionekana mtupu, kwa hiyo nikaupiga muhuri wa duka: Vipuri na Nguo, Sumbawanga. Karatasi isiyo na muhuri huku kwetu haina mdomo.

Nimempa dereva wa lori. Lilipoondoka nilitamani kulikimbilia. Sikukimbia.

Jumapili, 14 Juni

Tangazo la pili halikusomwa. Sikuwepo, nimesimuliwa na dereva. Padri alisoma wachumba wengine, akaruka majina yetu, akaendelea na matangazo ya jumuiya. Watu waligeuka. Skolastika alikaa hadi mwisho wa misa na hakuinamisha kichwa. Nje ya mlango wanawake wawili, waliokwisha kusikia habari za dukani, walimwita "Mke wa Alfredi", wakacheka ndani ya vitenge vyao.

Dereva alidhani nitafurahi kwamba barua ilifika.

Jumatano, 17 Juni

Wito. Nifike ofisi ya parokia Ijumaa saa nne. Hakuna maelezo. Nimepiga pasi shati jeupe. Nimeandaa maelezo ya kurasa tatu.

Ijumaa, 19 Juni

Kurasa zangu tatu hazikutoka mfukoni.

Walikuwepo padri, Skolastika, mama yake, na mwanamume mmoja mwenye mabega ya mtu wa mizigo. Nilimwamkia mama shikamoo. Aliitikia marahaba, kwa malezi tu. Yule mwanamume alisimama kunipa mkono. Alfredi. Mpakiaji bandarini Kasanga. Juzi alipanda gari la dagaa ili aje kunijibu.

Aliweka mezani karatasi mbili. Cheti cha ndoa: Alfredi na Editha. Cheti cha kifo: Editha. Zote mbili zina mihuri, na si ya duka la vipuri.

Namba ile ilikuwa ya Editha. Alipofariki, Alfredi alimletea mama mkwe simu ya marehemu, na laini ikiwa ndani. Mama hakuthubutu kuizima, wala hakuweza kuipokea. Ikachukuliwa na Skolastika. Editha alikuwa akiuza dagaa hadi Mpui na Sumbawanga, na wateja wake waliendelea kumpigia mwaka mzima. Skolastika alipokea kila simu. Aliwaambia wote: dada amefariki, mimi ni mdogo wake. Kila mmoja, kwa mdomo, mpaka simu zikakoma. Baadhi yao walikuwa wamehifadhi namba ile kwa jina la Mke wa Alfredi. Hawakulifuta. Mmoja wao, popote alipo, aliipa tovuti orodha nzima ya majina ya simu yake, na tovuti ikauza.

Ndiyo maana hakuweza kuyasema kwenye simu hii.

Nilijua Editha aliolewa ziwani. Pale nyumbani mumewe wanamwita Mkwe, na sijawahi kuuliza jina lake. Mimi ambaye huuliza kila kitu.

Alfredi hakunitukana. Alisema, "Bwana mdogo, mke wangu nilimzika kwa mikono hii. Wewe umemfukua kwa karatasi." Kisha akaketi.

Padri alisema kizuizi hakipo, matangazo yanaweza kuendelea. Akamtazama Skolastika.

"Yasisomwe, Baba."

Akanigeukia. Macho makavu. "Ulinishtaki kwa maandishi, watu wakanigeukia kanisani. Nisafishe kwa maandishi, kanisani. Mengine sikudai."

Jumapili, 21 Juni

Nimesoma barua yangu kabla ya baraka ya mwisho. Ukurasa mmoja. Nilisema kwamba sikujua nilichoandika, kwamba nilikuwa na njia ya kujua na niliitwa niifuate, na kwamba nilikataa kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema kitu mbele ya watu na nikaona aibu kukirudisha. Nilimtaja Editha kwa jina lake kamili, nikaomba radhi kwa mama yake. Nilimtaja Skolastika.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakuitikia kwa kichwa.

Nje hakuna aliyemwita lile jina. Nilimfuata hadi njia panda. Aligeuka mara moja.

"Rudi. Gari la mwisho litakuacha."

Lingekuwa tusi ningelibeba. Lilikuwa jambo la kunihurumia, nisije nikalala njiani na baridi hii. Nilirudi. Gari halikuniacha.

Jumanne, 23 Juni

Mzee Nassoro aliniagizia chai na chapati mbili.

Wateja watatu wameleta namba. Nimewakatalia. Mmoja kasema nina kiburi.

Jumamosi, 27 Juni

Niliwaandikia wenye tovuti Jumatatu. Maelezo kamili, lugha ya adabu. Leo jibu limefika, na si la mtu. Wanashukuru kwa maoni yangu. Majina hutoka kwa watumiaji wenyewe. Hawathibitishi usahihi wake, na masharti haya niliyakubali siku ya kwanza. Kweli niliyakubali. Yalikuwa marefu, yameandikwa, na mimi mtetezi wa maandishi sikuyasoma.

Chini yake wameniuliza nimeridhika kwa kiasi gani. Nichague nyota, moja hadi tano.

Nilimpigia Skolastika. Nilitaka kusikia sauti tu, kisha nikate. Namba haipatikani. Nikapiga tena mchana, tena jioni. Dereva wa lori amenieleza: Jumatatu aliitoa laini, akaikata kwa mkasi wake wa kushonea, mama yake akiwa amekaa kando. Sasa ana namba nyingine. Sikuiomba.

Laini ile ilivumilia kifo. Mimi haikunivumilia.

Jumatano, 1 Julai

Nimemtafuta Mayunga mnadani nimwombe radhi. Alinisikiliza huku akitazama ndama.

"Ng'ombe walirudi wenyewe," akasema. "Walikuwa kwa mjomba wangu. Ndiye alikuwa ananibipu. Kanunua laini mpya, vocha hana." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pole, msomi. Nimesikia."

Tulikwenda pamoja kwa fundi redio. Kila mmoja aliomba radhi kwa kosa lake.

Mama wa Mpui sikumpata. Nimemwachia ujumbe kwa wauza maharage wenzake: kosa halikuwa lake.

Alhamisi, 2 Julai

Baridi imetulia, hakuna upepo. Nimebandika tangazo mlangoni, kwa ruhusa ya Mzee: hapa hatuuzi tena majina ya watu. Aliyepewa jina la uongo aje aandikishe lalamiko lake, nitalituma bila malipo. Wamekuja kumi na mmoja. Nimewasikiliza bila kumkatiza hata mmoja.

Kaengesa sitakwenda. Nimeelewa nilichoambiwa pale njia panda.

Kuhusu dai langu, nalirekebisha, silitupi. Lililoandikwa lina thamani pale tu alipo mtu wa kuulizwa. Skolastika alikuwa wa kuulizwa. Alfredi alikuwa wa kuulizwa. Tovuti haina mtu.

Kwa hiyo nimeandika barua kwa gazeti, malalamiko kumi na moja pamoja na langu, na nakala kwa wenye tovuti. Mwisho wake nimeunakili hapa ili nisije nikaulegeza:

Nani aliwapa jina la marehemu? Kwa idhini ya nani mliliuza kama jina la aliye hai? Mlipoambiwa ni uongo, kwa nini mpaka leo bado lipo? Msiniandikie mimi peke yangu. Msiniulize nyota. Aliyeaibishwa aliaibishwa mbele ya watu, nami niliyemwaibisha nimekwisha kujibu mbele ya watu hao hao. Zamu ni yenu. Jibuni gazetini, wazi, na chini ya jibu aweke jina lake mtu aliyeliandika.