Mjomba Anayeendesha Kona ya Mwisho Tu

Bi Mwanvita, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kihonda, Morogoro, safu yako naisoma kila wiki, hata zile barua za wanawake waliochoshwa na mawifi, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi siku moja nitakaa mezani nikuandikie, mwanaume mzima mwenye leseni na gari na ndevu zilizoanza kuota mvi, lakini limenifika na naomba unisaidie, ila jina langu usilitoe.

Bi Mwanvita, naogopa kuendesha gari mlimani. Si kwamba sijui kuendesha, hilo naomba lieleweke, kwa sababu Dar naenda na kurudi, Mikese napita huku napiga stori, asubuhi Msamvu mabasi yakitoka natoka nayo sawasawa, lakini nikishaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kupanda kwenda kwetu Mgeta, mikono inalowa, mguu wa klachi unatetemeka wenyewe, na ule upande wa bonde nahisi kabisa gari linavutwa. Yote yalianza siku niliyokuwa na mke wangu Catherine, gari likazimika kwenye kona kali, likaanza kurudi nyuma, na mimi nikashika usukani kwa mikono miwili nikawa nasali Salamu Maria badala ya kukanyaga breki, mpaka lilipoegemea ukingo wa upande wa mlima likasimama lenyewe. Catherine akaruka, akaweka jiwe kwenye tairi, akanitazama, akasema, "Wewe malizia sala, mimi natangulia kwa miguu." Na kweli alitangulia kwa miguu.

Tangu siku hiyo nikiitwa nyumbani kwetu Nyandira, kijiji chetu hukohuko Mgeta, gari ni bovu. Kuna msiba, gari bovu. Kuna ubatizo, gari bovu. Dada yangu mkubwa, Eufrazia, siku hizi akipiga simu ananiuliza, "Gari linaendeleaje?" kwa sauti ile ya kumuulizia mgonjwa, nami namjibu kwamba linaendelea vizuri kidogo.

Sasa binti yake, Prisca, akachumbiwa. Sisi Waluguru unatujua, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno, posa ya mpwa wangu haiwezi kupokelewa mimi sipo, na huyu Prisca nimekaa naye hapa Kihonda muda wote wa sekondari yake, ni kama nimemzaa. Kwa hiyo siku ya posa ilibidi niende. Nikamchukua jirani yangu Abdi, ambaye ni dereva wa kukodiwa pale Msamvu, akaniendesha mlima mzima nimefumba macho, na tulipokaribia nyumbani, pale kabla ya kona ya mwisho ambapo njia ni tambarare, nikamshusha pembeni ya shamba la kabichi, nikashika usukani mwenyewe, nikaingia uwanjani kwetu napiga honi. Akina mama wakapiga vigelegele. Abdi akaja baadaye kwa miguu, akajifanya mtu anayetafuta njegere za kununua, na dada akamkaribisha, akampa wali na kuku, akamwambia, "Pole na kazi, baba," mpaka nikashangaa ukarimu wa dada kwa mtu asiyemjua. Wakati wa kuondoka Abdi alitangulia, na mimi nilipowasha gari dada akaja dirishani akasema, "Usimsahau yule kijana wa njegere, anakusubiri hapo konani." Dada yangu ana macho makali sana, nadhani alimwona akielekea huko.

Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo, mbele ya ukoo wote, dada alisimama akatangaza kuwa Prisca atashushwa mlimani na mjomba wake, kwa gari la mjomba wake, mpaka kanisani Morogoro mjini, nami kwa ile raha ya kuku na vigelegele nikajibu, "Hilo niachieni mimi." Harusi ni mwisho wa mwezi ujao. Msafara utapigwa video kuanzia mlangoni, kwa hiyo Abdi hana pa kujificha. Na juzi Prisca kanipigia, akasema, "Mjomba, ile barabara naiogopa kuliko hata ndoa yenyewe, ila nikijua uko kwenye usukani nitatulia." Nikamjibu, "Usiogope mwanangu, mjomba yupo." Nilipokata simu nililia, Bi Mwanvita, sikufichi.

Mdogo wangu Joseph anaishi kulekule Nyandira na ameshasema wazi kwamba mimi nikishindwa yeye yuko tayari kusimama kama mjomba, na nafasi hiyo ikishachukuliwa hairudi. Nimefikiri sana na zimebaki njia mbili, naomba unichagulie moja. Asubuhi ya harusi nipige simu niseme giaboksi imekufa, au niseme nimeshikwa na mgongo?

Mjomba, Kihonda

BI MWANVITA ANAJIBU

Marahaba, Mjomba. Kati ya giaboksi na mgongo mimi ningechukua mgongo, maana hilo gari maskini limeshaumwa vya kutosha. Gari linalokwenda Dar na kurudi likiwa zima, halafu likisikia kuna msiba Nyandira linaugua, hilo usilisumbue kwa mafundi, lipeleke likaombewe.

Tuanze na huyo dada yako mwenye macho makali. Mtu asiyejulikana anaingia katikati ya posa ya watu, hana gunia, hana hata kikapu, anasema anatafuta njegere. Anaketishwa, anapakuliwa kuku, anapewa pole na kazi. Kazi gani, Mjomba? Ya kutembea kutoka kwenye kabichi? Kisha anaondoka bila njegere hata punje moja, na mwenye nyumba anakuja dirishani kukukumbusha usimwache njiani. Na wewe ukawasha gari ukaondoka ukisifia ukarimu wa dada! Ningekuwa mimi ndiye Eufrazia ningecheka mpaka nikae chini, lakini yeye ana adabu kuliko mimi.

Dada yako anajua. Nadhani alijua tangu gari lilipougua mara ya pili. Na kama yeye anajua, basi wanajua wengi, kwa sababu huwezi kumshusha mtu mzima kwenye kabichi za watu, kule ambako kila kabichi ina mwenyewe, ukatarajia hakuna aliyeona. Wale akina mama hawakukupigia vigelegele kwa sababu umekata kona ya mwisho kwa ustadi. Walipiga kwa sababu umefika. Halafu wakakupa bibi harusi umshushe, wakijua vizuri kabisa ulivyopanda. Hilo ndilo ulipaswa kulifikiria ulipokuwa unachagua kati ya giaboksi na mgongo.

Nimekuchapa, najua, lakini ulipofika pale uliposema ulilia niliiweka barua chini kwanza. Nimekuonea huruma kweli. Umebeba aibu nzito muda wote huu, ukakosa mazishi na ubatizo wa watu wako, kwa kuficha kitu ambacho hakifichiki na wala hakuna aliyekuchukia kwa ajili yake. Gari kukurudia nyuma kwenye kona, na bonde liko palepale, ni jambo la kumtisha mtu yeyote mwenye akili. Kuogopa mlima si kosa, Mjomba.

Kosa lako ni ulilomfanyia Prisca. Mtoto wa watu kakupigia simu, kakwambia waziwazi kwamba anaogopa, wala mbingu haikuanguka. Na wewe mwenye neno katika ukoo ukamjibu kwa uongo, na sasa unapanga siku ile, akiwa ameshavaa shela na kamera ziko mlangoni, apokee simu kwamba mjomba ana mgongo. Unataka binti uliyemlea atoke kwao kama hana watu? Aibu kubwa kuliko hiyo hata Joseph akijitahidi hawezi kukutia. Na usije ukajifanya shujaa ukamchukua mlimani huku unatetemeka, eti kwa sababu ya video. Video inaweza kusubiri, roho za watu hazisubiri.

Sasa tufanye kazi. Mimi hata baiskeli ilinishinda, kwa hiyo barua yako nilimsomea mume wangu Halidi, ambaye ameshusha malori ya viazi kwenye barabara yako hiyohiyo kwa miaka mingi. Alipomaliza kucheka akasema, "Mwambie hata mimi mwanzo nilikuwa nashusha nikiwa na taulo la kufutia jasho."

Kwanza fundi, safari hii kwa ukweli. Breki, breki ya mkono na matairi vikaguliwe. Kisha wiki hii mchukue Abdi, nenda naye kwenye vilima vya Bigwa, na simamisha gari katikati ya mpando kwa makusudi. Vuta breki ya mkono, achia klachi taratibu mpaka uhisi gari linataka kwenda, ongeza mafuta kidogo, ndipo uachie breki. Kama likikuzimikia, breki kwanza, Salamu Maria baadaye. Bikira anaelewa. Rudia mpaka uchoke, mpaka Abdi naye aanze kupiga miayo.

Ukishachoka, pandeni Mgeta siku isiyo na mvua, asubuhi na mapema, bila abiria mwingine. Gia ndogo, honi kabla ya kila kona, na macho yako yawe pale unapotaka gari liende, si bondeni. Lori likija nyuma yako na kelele zake, tafuta pa kusogea ulipishe, hakuna anayekupa zawadi kwa kufika wa kwanza. Wakati wa kushuka Halidi anasema gia uliyopandia ndiyo unayoshukia, na breki unaigusa na kuiachia, usiikanyage moja kwa moja mpaka ianze kunuka. Ikinuka, simama ipoe. Ukungu ukikukuta, simama pia. Fanya safari hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara fika mpaka uwanjani kwa dada yako, Abdi akiwa amekaa kwenye kiti na si kwenye kabichi. Mtambulishe kwa jina lake.

Wiki moja kabla ya harusi, muulize Abdi kama uko tayari. Muulize yeye, usijiulize mwenyewe, maana wewe kwa kujidanganya nimeshakuona. Akisema ndiyo, utaendesha, na yeye atakaa pembeni yako. Akisema bado, ataendesha yeye, mchana kweupe, na shati lake jeupe, video ikimpiga apendavyo. Unahofia nafasi yako ya ujomba itakwenda. Haitakwenda kokote. Ukoo unahitaji mjomba wa kumtoa bibi harusi, dereva yeyote mwenye leseni anapatikana Msamvu.

Na kabla ya hayo yote, mpigie dada yako leo, umwamkie, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Atacheka. Mwache acheke, anakudai kicheko hicho siku nyingi.

Ikiwa ni Abdi atakayeshika usukani, wewe usikae mbele. Kaa nyuma, upande wa Prisca, mshike mkono. Akikuuliza kama na wewe unaogopa, mwambie ndiyo.