Suruali ya Papa juu ya nyumba

Siku ya posho, Jumamosi. Asubuhi mvua ilipiga manjanja, mabati ya juu ya nyumba, mpaka hatukusikilizana ndani ya nyumba, kisha jua likatoka kama mutu mwenye alisahau kitu akarudi kukichukua. Mwili umechoka. Moyo, hapana. Moyo iko inaruka.

Wenye munanisoma munajua mimi sikusoma sana, shule niliiacha kwa primaire. Hii ukurasa ni mutoto wangu wa kike, Nsimire, alinifungulia kwa telefone, akaniambia, "Maman, vile unasemaka, andika vile vile." Basi.

Panneau ya jua, ile ya kuleta umeme, imelala chini ya kitanda changu toka kiangazi. Papa Nsimire, bwana yangu, aliituma toka Luhwindja, kule anachimba zaabu. Ilifika na batri yake na taa zake, nikaifunika blanketi kama mugonjwa. Batu bakiuliza, "Mutaweka lini?" ninajibu, "Tungali tunawaza."

Kusema kweli, mwenye kuwaza ni mimi peke yangu.

Si kusema tuna umeme ya kutosha. Hapa Cimpunda courant ni mugeni wa haraka, haikai na haiagi. Ikienda, tunawasha bougie, mushumaa. Na nyumba zetu ni za mbao, zimebanana, ukikohoa jirani anakujibu pole. Bougie moja ikianguka, ni avenue yote italia. Ndiyo maana ninalalaka jicho moja tu. Lile lingine linachunga bougie.

Sasa, juu ya nini nilikawia? Nsimire amemaliza shule ya ufundi, upande wa umeme. Diplome iko kwa ukuta. Anazunguka kuomba kazi, na kila pahali banamuuliza kama hana kaka mwenye kujua hiyo kazi. Alisema panneau ataiweka yeye mwenyewe, ikuwe kazi yake ya kwanza, batu baone. Lakini tunaishi na Koko, mama wa bwana yangu, na Koko alikataa.

"Mwanamuke hapandake juu ya nyumba," alisema. "Akipanda, analetea mwenye nyumba mukosi."

Na mwenye nyumba yangu anafanya kazi ndani ya shimo.

Mimi ninaomba Mungu kila asubuhi. Lakini simu ya Luhwindja ikikawia kupita, ninapiga tena na tena. Ninawaza udongo. Ninawaza ile miti banaegemeza nayo shimo. Nikasema heri niite ndugu yangu, tonton Deo, apande yeye, tumalize maneno. Nilipomwambia Nsimire hakubisha. Alichukua sahani akaenda kuziosha. Zilikuwa zimeoshwa tayari.

Ile ilinichoma.

Juzi nikamupigia baba yake.

"Koko anasema nini?" akauliza.

"Anasema utakufa."

Akacheka. "Alisema vile vile wakati nilinunua pikipiki."

"Na pikipiki ilikuangusha!"

"Iliniangusha, sikufa. Sikia, Maman Nsimire. Mimi niko chini ya udongo, yeye atakuwa juu ya manjanja. Mungu anatuona wote wawili. Ile kitu niliituma kwa mutoto wangu. Sikuituma kwa Deo."

Leo nikamwambia Koko: Nsimire anapanda. Nilidhani atachukua kitambaa chake aende kanisani kunishitaki kwa Mungu. Aliingia chumbani. Alipotoka alibeba suruali ya zamani ya Papa Nsimire, mukaba, na kofia yake.

"Vaa," akamwambia Nsimire.

"Koko, iko kubwa!"

"Funga mukaba. Leo si mwanamuke anapanda. Ni mutoto wangu anapanda kwake."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Koko, nikaacha.

Manjanja ilikuwa ingali na maji. Mimi nilishika ngazi upande mumoja, Koko upande mwingine, na kila mutu akiomba na luga yake, mimi Kiswahili, yeye Mashi. Nsimire aliteleza mara moja. Tournevis, bisibisi yake, ilianguka karibu na muguu wangu. Niliita Yesu kwa sauti mpaka jirani yetu Papa Bahati akatoka nje na kikombe cha chai.

"Maman Nsimire! Banaume bamekwisha Cimpunda?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka juu: "Hatujaisha, Papa Bahati! Ona suruali!"

Avenue yote ikacheka. Koko akamukalipia: "Bahati, wachana na mutoto wangu, iko kazini!"

Kisha Nsimire akaniuliza mimi: "Maman, jua linakawiaka wapi?" Nikamuonyesha upande ninaanikaka muhogo, maana ule mwingine muti ya avoka ya jirani inaleta kivuli mapema. Akasogeza. Nilijisikia murefu.

Magaribi ilipokuja aliwasha. Taa ikashika. Badogo yake, batoto wangu wengine, bakapiga kelele kama kwenye mechi. Koko akaweka mukono karibu na taa, akangoja. "Haichome," akasema, na akavuta kiti chake pale chini yake.

Papa Bahati naye huyo mulangoni, na telefone imezima. Akaomba aichomeke. Akasimama, akaangalia juu, akafuata fil, ule waya, na macho mpaka kwa batri. Kisha: "Maman Nsimire, fundi wenu anaweza kupita kwangu wiki ijayo?"

Fundi. Nimesikia na masikio yangu.

Nikapigia Luhwindja. Ilipita mara ya kwanza.

"Umetoka shimoni?"

"Nimetoka, niko ninakula. Na huko?"

 Nikamupa Nsimire simu, nikaenda kujifanya ninatafuta chumvi.

Nsimire alitaka kurudisha suruali ya baba yake kwa sanduku. Koko akamukatiza: "Iweke. Lakini kwa Bahati, suruali itoke kwa Bahati. Kila nyumba na mwenyewe." Sasa ninajiuliza nani ataenda kumuomba yule muzee suruali yake. Si mimi.

Bougie nimeziweka juu ya kabati, mbali. Leo ninafunga macho yote mawili.