Niandikie Majina ya Watu Wako

Gihundwe, 3 Septemba 2023

Binti yetu mpenzi Bella,

Amahoro. Hujambo mwanangu? Kazi inaendeleaje, na baridi ya huko Ubelgiji? Sisi huku tu wazima, ila masikio ya Maman sasa yameziba kabisa. Simu kwake ni kelele tupu, kwa hiyo turudi kwenye karatasi kama zamani. Barua zako namsomea nimeinama sikioni kwake, kwa sauti ya mchungaji aliyekatikiwa umeme, na ndiyo sababu mtaa mzima unajua kwamba umenenepa. Usinilaumu.

Kuna jambo linamkosesha Maman raha. Mtoto wa jirani, yule aliyeko Kanada, aliambiwa kifo cha baba yake kwa simu akiwa peke yake chumbani. Walikuja kumkuta baadaye hajala, hajafungua hata dirisha. Maman bado amekasirika. Anasema, "Banawezaje kumwambia muntu ile habari, na hakuna hata mumoja wa kukaa naye?" Unajua desturi yetu: kwanza watafutwe watu wake, wakae naye, wahakikishe amekula, ndipo mkubwa aseme. Kwa hiyo Maman anauliza: huko uliko, nani yuko karibu nawe? Niandikie majina ya watu wako nimsomee.

Baba yako,
Papa Cassien


Verviers, 8 Oktoba 2023

Papa na Maman wapenzi,

Shikamoo nyote wawili. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na mwambie jirani nimeshapungua.

Majina? Papa, nisikudanganye, sina hata moja. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, zamu ikiisha kila mtu anakimbilia gari lake. Jirani yangu wa ukutani ananisalimia akiwa na mbwa wake tu. Bila mbwa hanioni.

Ila Jumamosi iliyopita nilipita nyuma ya stesheni nikakuta karakana iko wazi. Mzee mmoja alikuwa amelala chali chini ya tramu. Tramu ni kama behewa la treni, lakini linatembea peke yake kwa umeme, kwenye reli zinazopita barabarani katikati ya watu. Hiyo niliyoiona ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilipoachwa, mkulima aliinunua akaifanya banda la kuku, na mvua ikinyesha bado inanuka kuku. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea, wengi wamestaafu, hakuna anayelipwa. Mbao iliyooza hawaitupi yote. Wanakata palipooza tu, wanachonga kipande kipya kinachoingia palepale, hadi usijue kilipoanzia. Nilisimama nikitazama mpaka mzee akaniuliza kama najua kazi yoyote. Nikasema Maman yangu ni fundi cherehani wa Kamembe, amenifundisha kushona. Akanionyesha viti vyenye ngozi iliyochanika.

Sasa sikilizeni. Jumapili ya Pentekoste mwakani tramu itatoka kwa mara ya kwanza, ipite msituni kwenye reli ya zamani mpaka kijiji cha pili. Siku hiyo kila fundi anaruhusiwa kumleta mtu wake mmoja. Mimi nataka Maman. Amenilea kwa hadithi za treni ya kwao Kalemie, huko Kongo, na kwetu Rusizi hakuna hata kipande cha reli cha kumwonyesha mtoto. Papa, tafadhali anza kushughulikia pasipoti yake.

Binti yenu,
Bella


Gihundwe, 26 Novemba 2023

Bella mwanangu,

Amahoro ya Bwana. U mzima? Sisi wazima, ila koo langu limekwisha, maana Maman amenisomesha barua yako asubuhi na jioni.

Habari ya watu kufanya kazi bila malipo ilimshinda, mpaka nikamwambia ni kazi yao ya pamoja, umuganda wao wa kila Jumamosi. Akacheka. "Kumbe bazungu nabo biko na umuganda? Na kila posho?" Jumamosi kwake ni posho mpaka leo. Tangu hapo amewatangazia wote sokoni kwamba Bella yuko kwenye umuganda wa treni. Tumeshapiga picha ya pasipoti. Alivaa vazi lake la sherehe, mushanana wa kijani, ingawa nilimwambia picha inakata mabegani.

Jambo moja nimelijua juzi tu, baada ya miaka yote ya ndoa. Nilimwambia, sasa utapanda treni tena. Akasema hajawahi kupanda. Pale Kalemie alipokuwa msichana alikuwa anauza karanga za kuchemsha dirishani. Treni ikisimama anapitisha karanga, ikiondoka anabaki na beseni. Zile hadithi zote alizokusimulia, za madaraja na mbuga na watu wanaolala wamekaa, alizisikia kwa abiria. Alikuwa na aibu kidogo kuniambia. Sasa kila asubuhi anauliza Pentekoste ni lini.

Ana kikohozi, cha mvua hizi tu. Na jina, hujapata hata moja?

Baba yako,
Papa Cassien


Verviers, 1 Januari 2024

Wazazi wangu,

Heri ya mwaka mpya. Hamjambo? Kikohozi cha Maman kimeisha? Mpeleke kwa daktari Papa, usimwachie tangawizi peke yake.

Habari ya karanga iliniliza nikiwa ndani ya basi. Maman, usione aibu. Utapanda hii, utakaa kwenye kiti nilichokishona mimi, na hakuna atakayekuuliza umebeba nini. Barua ya mwaliko ya karakana nimeiweka humu, ina mhuri.

Nina swali la kazi. Ngozi ya viti ni nene, nikiipinda kwenye kona inakunjamana vibaya. Wewe ulifanyaje kwenye zile kona za mabegi ya shule? Nakumbuka mikono yako tu, sikumbuki ulichofanya.

Noeli nilikuwa peke yangu. Nilipika mchele na majani ya muhogo, sombe ya kopo, nikalala mapema. Bado sina majina, Papa, usichoke kuuliza.

Binti yenu,
Bella


Gihundwe, 18 Februari 2024

Bella,

Amahoro. Natumaini u mzima. Huku tupo, tunamshukuru Mungu kwa kila jambo.

Maman anakusalimia sana. Kuhusu ngozi anasema tumia sindano nyembamba, uvute uzi kwa nguvu.

Pasipoti inachelewa kidogo, tusiwe na haraka. Mvua ni nyingi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usikae peke yako. Hapo karakana hakuna hata mama mmoja wa kuzungumza naye? Tafuta mtu, mwanangu, kisha niandikie jina lake.

Papa


Verviers, 2 Machi 2024

Papa na Maman,

Hamjambo? Barua ilikuwa fupi mno, nikadhani karatasi nyingine imeanguka njiani.

Maman, leo nakutania. Sindano nyembamba ilivunjika na ngozi ikachanika, kiti kizima, kazi ya wiki tatu. Wewe uliyekuwa ukinipiga kofi vidoleni nikigusa sindano nyembamba karibu na ngozi. Umezeeka Maman, umesahau kushona. Ukifika nitakufundisha mimi.

Lakini niliketi sakafuni nikalia, na hilo ndilo lililoniletea watu. Mzee Dominique, yule wa chini ya tramu, aliniletea ngozi nyingine. Na kuna mama anaitwa Zulaikha, mzaliwa wa Uvira, anayepaka rangi milango. Miezi yote hii nilidhani hataki kuzungumza nami, kumbe na yeye alidhani hivyo hivyo. Siku hiyo alinisemesha Kiswahili: "We mudada, kiti hakililiwe, kinashonwa." Tukacheka mpaka wengine wakazima mashine. Sasa Jumamosi tunakula pamoja, na Jumapili naenda kwake. Dominique amenipa ufunguo wa karakana.

Kwa hiyo Papa, andika kwenye ukuta: Zulaikha, Dominique. Mwambie Maman alale usingizi. Nina watu.

Binti yenu mwenye furaha,
Bella


Gihundwe, 24 Machi 2024

Bella mwanangu,

Barua hii nimeiweka ndani ya bahasha ya pili, na juu yake nimeandika usiifungue kabla Maman Zulaikha na Mzee Dominique hawajakaa nawe. Ikiwa uko peke yako, irudishe ndani, uwaite kwanza. Kama umeshinda na njaa, kula kwanza.

Maman hayupo tena. Alituacha usiku wa mwisho wa Januari. Kikohozi kilikuwa kimeingia kwenye mapafu. Alilazwa, akapata nafuu, akaomba arudi nyumbani, na nyumbani hakumaliza wiki. Tumemzika hapa Gihundwe.

Niliwaomba ndugu wote wafunge midomo. Binamu yako Ndizeye wa Kigali alitaka kukuandikia kwenye simu, nikamwambia akithubutu asikanyage kwangu. Ulikuwa peke yako Bella. Ulikuwa umekula Noeli peke yako. Ningekutupiaje habari kama hiyo kwenye chumba ambacho hamna mtu? Nilingoja majina. Barua yako ya Machi ilipofika nilifurahi, kisha nikaelewa kwamba sasa sina tena sababu ya kunyamaza.

Mambo ya sindano niliyatunga mimi. Nisamehe kiti.

Baba yako


Verviers, 14 Aprili 2024

Papa,

Agizo lako limetimia. Zulaikha alikaa kulia, Dominique kushoto, kwenye benchi la karakana. Walinishika. Zulaikha alinipikia uji, nikautapika.

Lakini Februari nzima nilikuwa nashona nikiongea na Maman, nikimwambia asubiri aone. Machi nilimtania kwamba amezeeka. Nilimtania mtu aliyezikwa, na wewe ukaisoma barua ile. Ulimsomea nani?

Hukuniachia hata mazishi. Ningekuja kwa mkopo, ningekuja nimesimama ndani ya ndege. Peke yangu ningeumia, ndiyo, lakini ningeumia siku moja na ninyi wote.

Na kuna jambo linalonizuia kulala. Kama nisingekuandikia kwamba nina watu, ungeendelea kunipa salamu zake. Ningebaki na upweke wangu, na Maman angekuwa hai mpaka leo.

Nani alimwosha? Alivaa nini? Aliniulizia?

Bella


Gihundwe, 5 Mei 2024

Mwanangu,

Sikusalimii kwa maneno mengi, najua bado una hasira, na ni haki yako.

Waliomwosha ni akina mama wa kwaya. Alivaa mushanana ule wa kijani. Mvua ilinyesha tulipokuwa makaburini, watu hawakukimbia. Kuhusu mimi kukuficha, Maman hakuniagiza. Niliamua mwenyewe, nikidhani nafanya ambavyo yeye angefanya. Labda nilikosea hata katika hilo, na sina wa kumuuliza.

Alikuulizia. Usiku aliotuacha alisema, "Bella alikula?" Nikamwambia ndiyo, amekula. Hakusema lingine.

Umeniuliza nilimsomea nani barua ya Machi. Niliisoma kwa sauti ileile, nimeinama kitandani upande wake, kwa sababu sijui kuzisoma barua zako kwa njia nyingine. Majirani walisikia. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Pasipoti yake ilitoka baada ya mazishi. Walinipigia aje kuichukua mwenyewe.

Papa


Verviers, 20 Mei 2024

Papa wangu,

Hujambo? Wanakupikia? Usiwe mtu wa chai na mkate. Nimeomba likizo ya Agosti, nitakuja, tutaenda makaburini mimi na wewe tu. Sijakusamehe yote. Nakuja hivyo hivyo, na hasira yangu kidogo, uipokee pamoja na begi.

Jana tramu ilitoka. Sikutaka kwenda, Zulaikha akaja kunivalisha kama mtoto. Rangi yake ni krimu na kijani, ile waliyoikuta chini ya rangi nyingine zote. Dominique alikuwa ameniwekea viti viwili vya mbele, changu na cha mtu wangu. Hakuna aliyethubutu kuniuliza kitu juu ya kile cha pili. Wapiga picha walikuwapo, watoto walikuwa wanapunga mikono, na tramu ikaanza kwenda polepole, ikilia kwenye kona. Niliweka mkono juu ya kile kiti mpaka msitu ukaisha. Nilikuwa namweleza Maman tunapopita. Hapa kuna daraja, Maman. Hawa ni ng'ombe wa watu.

Kwenye kijiji cha kwanza tulisimama kupakia wenyeji. Akaingia mama mmoja mtu mzima, na mfuko wa viazi. Alitazama huku na huku, viti vimejaa. Akaniinamia, akauliza kwa upole kama hapa pana mtu.

Niliwaambia wote tangu Aprili kwamba Maman amefariki. Kazini nilisema, kanisani nilisema, nilijaza hata karatasi za likizo. Lakini yule mama alisimama akingoja, tramu nzima ikingoja, na mkono wangu ulikuwa bado juu ya kiti.

Nikautoa. Nikamwambia, "Hapana, Maman. Hapana mtu."

Akaketi. Nililia mpaka mwisho wa reli.

Binti yako,
Bella