Kitone cha Kijani Kando ya Jina Lako

Mwalimu Rukia,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini ningeanza bila salamu ungenitoa nje niingie upya, kama ulivyonifanya kidato cha pili kabla sijaacha shule.

Ni mimi Kazungu wa saiba ya Utange, pale pa kukodisha kompyuta na intaneti. Bila mimi zile kazi zako za upelelezi, za kuwatuma watoto wakachunguze swali mtandaoni, zingebaki nyuma ya karatasi za mtihani, kwa kalamu nyekundu. Usibishe. Wewe ulitunga, sawa, lakini nani alizipandisha kwenye darasa la mtandaoni? Nani alikuonyesha kwamba tovuti moja uliyowachagulia watoto ilikuwa inauza dawa za nguvu za kiume? Ulicheka mpaka mtandio ukakuanguka.

Nimekosa, mwalimu, na sina mwengine wa kumwambia.

Wiki tatu baada ya kukuzika nilifungua akaunti yako. Paswadi ulinipa mwenyewe. Nilitaka kuangalia tu. Nikakuta watoto wa gredi ya nane wamekuletea ile kazi ya jaa la taka la Mwakirunge, wengine wameituma hata baada ya hitima yako, kama wasioamini. Zimekaa pale, hakuna aliyezisoma. Roho haikunipa. Nikawaandikia "Vizuri sana", kwa jina lako. Kisha kichwa kikavimba, nikatunga na swali langu: Kipindupindu husababishwa na nini? Wallahi nilijiona profesa.

Wote walileta jibu moja, wamelinakili lilivyo, hata nukta imekosewa mahali pamoja. Nikakusikia kabisa: "Kazungu, swali la kubonyeza mara moja linafundisha kidole tu, mtoto anabaki vilevile." Wewe ungemfanya mmoja daktari, mwengine mchota maji, mwengine mwenye kisima, kila mtu na tovuti zake za kusoma, halafu wakutane wabishane mpaka ukweli utoke.

Ndipo Mwanajuma, yule mdogo wa dawati la mbele, akaandika: "Mwalimu, hili si swali lako. Watu wanasema umezikwa. Lakini mimi nakuona uko."

Kitone cha kijani, mwalimu. Akaunti ikiwa wazi kinawaka kando ya jina lako, na mimi sikuifunga tangu siku ile.

Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Halafu nikakumbuka kwamba yeye huko kwao, kwenye simu ya mamake, alikuwa anaona: Mwalimu Rukia anaandika... Mwalimu Rukia anaandika... Nikaiondoa mikono kwenye kibodi. Jumapili, saa nne asubuhi, jua kali, saiba imejaa watu, na mimi nywele zimenisimama.

Kesho yake nikaenda shuleni, mwalimu mkuu akaniruhusu nisimame mbele yao. Mimi, bingwa wa maneno, nilikuwa na mawili tu. Nikasema: mwalimu amefariki, aliyewaandikia ni mimi. Mwanajuma akaniuliza, "Kwa hivyo ile 'vizuri sana' yangu ulinipa wewe?" Nikasema ndiyo. "Basi nirudishie kazi yangu, isomwe na anayejua." Akalia. Nikatoka nje. Nilichofanya huko nje sikwambii, utanicheka.

Lakini kuna jambo hata wao sikuwaambia. Akaunti sikuiacha wazi kwa kusahau. Nilikuwa nikishika simu yangu, naingia kama mwanafunzi, naangalia kile kitone. Nakwenda kula, naangalia. Nikiamka, naangalia. Najua ni mimi niliyekiwasha, mwalimu. Najua. Lakini kilikuwa kinasema uko.

Kazi za Mwakirunge nimempelekea mwalimu mpya, anazisoma moja moja. Ile uliyoiacha nusu, kwa nini visima vya Utange vimeingia chumvi, ina swali tu, tovuti hukuwahi kuweka. Nitazitafuta mimi. Nakuahidi nitasoma kila ukurasa mpaka mwisho kabla mtoto hajaugusa, na mwalimu mpya ataukagua, kwa sababu mimi nimeshajijua. Chini nitatia jina langu, Kazungu, ili nikikosea wajue wa kumgombeza.

Sasa naifunga akaunti. Kidole kiko juu ya kitufe tangu nilipoanza barua hii, na bado unawaka.

Kwaheri, mwalimu wangu. Lala sasa. Aliyekuwa akikukesheza ni mimi.

Kazungu